Saa Tisa Hekaluni: Mizizi ya Kiyahudi katika Imani na Ibada za Kikristo

Katika sura ya 3 ya Matendo ya Mitume, Petro na Yohana wanakwea kwenda hekaluni "saa ya kusali, saa tisa". Msomaji wa Kiswahili hupita hapo bila kukwama, kwa kuwa saa tisa ya mwandishi yule ndiyo saa tisa yake mwenyewe: alasiri, jua limeanza kuinama. Wayahudi wa karne ya 1 walizihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza kama tunavyozihesabu sisi, na siku nzima waliianza jua linapotua, kama mzee wa pwani anayesema "usiku wa Ijumaa" akiwa na maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Wasomaji wa lugha nyingi za Ulaya hulazimika kuelezwa haya pembezoni mwa ukurasa. Sisi tumekua nayo.

Kilichobaki kuelezwa ni kwa nini saa ile ilikuwa saa ya kusali. Kila siku, asubuhi na tena alasiri, makuhani wa Yerusalemu walimtoa mwanakondoo mmoja juu ya madhabahu, kama ilivyoagizwa katika kitabu cha Kutoka na cha Hesabu. Sadaka ya alasiri ilikuwa karibu na saa tisa, na waliokuwa mbali na hekalu walisali wakati huohuo wakiielekeza mioyo yao kule. Kornelio, akida wa Kirumi aliyemcha Mungu wa Israeli, anatokewa na malaika saa hiyohiyo akiwa nyumbani kwake Kaisaria. Marko naye anaandika kwamba Yesu alilia kwa sauti kuu msalabani saa tisa, na msikilizaji wa kwanza wa habari hiyo, kama alikuwa Myahudi, hakuhitaji kuambiwa ni jambo gani lililokuwa likifanyika hekaluni wakati ule. Leo ibada ya Ijumaa Kuu katika parokia nyingi huanza saa tisa alasiri. Waumini huipokea saa hiyo kama saa ya msalaba, na ndivyo ilivyo, lakini ilikuwa saa ya hekalu kwanza.

Nimeanza na mfano huu mdogo kwa sababu unaonyesha vizuri namna mizizi ya Kiyahudi inavyokaa ndani ya Ukristo: imefunikwa na udongo, na bado inalisha mti. Mada yenyewe, hata hivyo, huelezwa vibaya kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaosema kana kwamba Ukristo ulishuka ukiwa mpya kabisa, na Agano la Kale ni utangulizi tu uliokwisha kazi yake. Wapo wengine, na siku hizi wanaongezeka katika makanisa yetu, wanaochukua lolote linalofanywa na Wayahudi wa leo, kuanzia baragumu ya pembe ya kondoo dume hadi utaratibu mzima wa mlo wa Pasaka, wakaamini kwamba ndivyo hasa alivyofanya Yesu. Wote wawili wanakosea kwa sababu moja: wanaufikiria Uyahudi kama kitu kimoja kisichobadilika, kilichosimama palepale tangu Musa hadi leo.

Uyahudi ambao Yesu alizaliwa ndani yake ulikuwa na hekalu, makuhani, na sadaka za wanyama, na ulikuwa na makundi yaliyobishana vikali. Mwanahistoria Josephus, aliyeishi karne hiyohiyo, anataja Mafarisayo, Masadukayo na Waeseni. Wafuasi wa Yohana Mbatizaji na wale wa Yesu walikuwa makundi mengine ndani ya watu haohao. Kisha mwaka 70 majeshi ya Roma chini ya Tito yakaliteketeza hekalu. Masadukayo, ambao nguvu yao ilitokana na ukuhani, wakapotea, na Waeseni wakapotea. Waliobaki na nguvu ya kuendelea walikuwa hasa wa namna mbili: walimu wa Torati, ambao wengi huwaona kuwa warithi wa Mafarisayo, na ambao mafundisho yao yalikusanywa katika Mishna kama mwaka 200, na wale waliomkiri Yesu kuwa Masihi. Uyahudi wa marabi, yaani wa walimu hao wa Torati, na Ukristo ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni Uyahudi wa Hekalu la Pili, lile lililoteketezwa mwaka 70. Mmoja amebaki katika nyumba ya mama na kutumia lugha yake, mwingine ameoa mbali na kuzaa watoto wa mataifa mengi, lakini ukimtaka mama mwenyewe, humpati kwa kumtazama mtoto mmoja peke yake.

Hilo linaonekana wazi zaidi katika Pasaka kuliko mahali pengine popote. Jina lenyewe ni la Kiebrania: pesaki, sikukuu ya usiku ule ambao, kwa simulizi la Kutoka 12, kila nyumba ya Waisraeli huko Misri ilichinja mwanakondoo, ikapaka damu yake miimo ya mlango, na kumla pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu. Kiaramu kililifanya neno hilo paska, Wagiriki wakalichukua hivyo, na kutoka hapo likaenea katika lugha za Wakristo, yetu ikiwamo. Kila mwaka husambazwa ujumbe katika simu za watu kwamba Pasaka ni sikukuu ya mungu wa kike wa Babeli aliyeitwa Ishtar. Dai hilo limejengwa juu ya sauti ya neno la Kiingereza, Easter, tu, na halina mguu wa kusimamia katika Kigiriki, Kifaransa, Kireno wala Kiswahili, ambamo sikukuu bado inaitwa kwa jina lake la Kiebrania.

Katika siku za Yesu Pasaka ilikuwa safari ya kwenda Yerusalemu. Wanakondoo walichinjwa katika ua wa hekalu alasiri ya tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, damu ikamwagwa kwenye madhabahu, na kila familia au kundi likambeba wake kwenda kumchoma na kumla usiku, kabla ya kumaliza kwa nyimbo. Injili tatu za kwanza zinaieleza Karamu ya Mwisho kuwa mlo huo wa Pasaka. Yohana anahesabu tofauti: kwake Yesu anakufa siku ya maandalio, wanakondoo wanapochinjwa. Wataalamu wamejaribu kwa karne nyingi kuzipatanisha kalenda hizi mbili, na sidhani kwamba fundo hilo litafunguka. Lakini pande zote mbili zinasema jambo moja, ambalo Paulo alikwisha kulisema katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho kabla Injili hizo hazijaandikwa: Kristo ni mwanakondoo wa Pasaka. Anayetaka kuielewa sentensi hiyo hana njia ya kuikwepa Kutoka 12.

Hapa ndipo kosa la pili huingia. Mlo wa Pasaka wa Kiyahudi wa leo, yaani sederi, una vikombe vinne vya divai, maswali ya mtoto kuhusu kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote, na kitabu maalumu kinachoongoza simulizi. Ushahidi wa kwanza ulio wazi wa utaratibu huo uko katika sura ya 10 ya kitabu cha Mishna kinachohusu Pasaka, miaka mingi baada ya hekalu kuanguka, na kitabu cha simulizi kilikamilika baadaye zaidi. Marabi waliupanga mlo huo kwa ajili ya watu ambao hawakuwa tena na mahali pa kumchinja mwanakondoo. Kwa hiyo kanisa linaloandaa sederi usiku wa Alhamisi Kuu likidai kwamba linarudia alichofanya Yesu, linarudia kwa sehemu kubwa alichofanya ndugu yake baada ya msiba. Ni jambo la kuheshimiwa, lakini lina wenyewe, na ni vema kulijua hivyo. Kuhusu kumchinja mwanakondoo, wanaoendelea ni Wasamaria, ambao hadi leo hukusanyika kila mwaka juu ya Mlima Gerizimu, karibu na mji wa Nablus, na kuwachoma wanakondoo mashimoni usiku.

Kilicho cha zamani kweli katika meza ya Bwana ni kitendo kidogo kisichoonekana kuwa na uzito: kutwaa mkate, kubariki, kumega na kugawa. Myahudi haubariki mkate wenyewe. Humbariki Mungu kwa ajili ya mkate. Sala anayoisema hadi leo ni fupi: umebarikiwa wewe, Bwana Mungu wetu, mfalme wa ulimwengu, unayetoa mkate katika ardhi. Kuna nyingine ya namna hiyohiyo kwa divai, kwa ajili ya tunda la mzabibu. Mkatoliki anayesikiliza maneno ya padre wakati wa kuandaa vipaji, yanayomtukuza Mungu wa ulimwengu kwa mkate ulio zao la nchi na kazi ya mikono ya wanadamu, anausikia mwendo uleule. Maneno hayo yaliingizwa katika Misa kwa matengenezo yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na yalifuata makusudi mfano wa baraka za Kiyahudi. Lakini mwendo huo haukuwa mgeni kanisani. Didake, mwongozo mdogo wa Wakristo ambao wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, una sala za ekaristi zinazomshukuru Baba kwa "mzabibu mtakatifu wa Daudi mtumishi wako", na sala yake ya baada ya chakula inakaribiana sana na shukrani ambayo Wayahudi huisema wakimaliza kula. Ekaristi yenyewe, kwa Kigiriki, ni shukrani.

Didake hiyohiyo inatuonyesha ndugu hawa wawili wakianza kugeuziana visogo. Inawaagiza Wakristo wasifunge siku za Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo "wanafiki" hufunga, bali wafunge Jumatano na Ijumaa. Tazama jinsi utengano ulivyoanza: hakuna aliyetilia shaka kwamba mtu mcha Mungu hufunga siku mbili kwa wiki. Walichobadilisha ni siku.

Ubatizo nao una historia ya maji marefu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mamia ya mabirika ya kujitakasa katika nchi ile, mengi yakiwa ya wakati wa Hekalu la Pili, na makumi yako karibu na mlima wa hekalu penyewe. Birika la namna hiyo, mikve, huchongwa katika mwamba na kutiwa lipu. Ngazi zinashuka hadi chini ili mtu azame mwili wote, na katika mabirika kadhaa ngazi zimegawanywa katikati kwa ukingo mdogo, huenda ili anayeshuka akiwa najisi asigusane na anayepanda akiwa safi. Maji yake yalipaswa kukusanyika yenyewe, ya mvua au ya chemchemi, bila kuchotwa kwa ndoo. Bora kuliko yote yalikuwa "maji yaliyo hai", yaani yanayotiririka. Maneno hayohayo yanatokea katika sura ya 7 ya Didake: batiza katika maji yaliyo hai, kama huna, tumia maji mengine, kama huwezi kwa baridi, basi kwa ya moto, na kama huna ya kutosha, mimina juu ya kichwa mara tatu. Ugomvi wa leo kati ya wanaozamisha na wanaomimina ungepoa kidogo kama ukurasa huo ungesomwa mara nyingi zaidi.

Hata hivyo kufanana si kuwa kitu kimoja. Katika birika mtu hujizamisha mwenyewe, tena na tena, kila aingiapo katika unajisi. Yohana alisimama Yordani akiwabatiza wengine kwa mikono yake, akiuunganisha ubatizo huo na toba na hukumu inayokaribia. Ndiyo sababu watu walimpa jina la kazi hiyo. Marabi nao walimzamisha mgeni anayeingia katika Uyahudi, lakini wataalamu hawajakubaliana desturi hiyo ilianza lini, na kwa hiyo si haki kusema bila kusita kwamba ndiyo iliyozaa ubatizo wa Kikristo.

Kuhusu ibada ya neno hakuna utata wa namna hiyo. Katika uchimbaji ulioanza Yerusalemu mwaka 1913 lilipatikana jiwe lenye mistari kumi ya Kigiriki, ambalo wengi huliweka kabla ya mwaka 70. Linasema kwamba Theodotos, kuhani na mkuu wa sinagogi, mwana wa mkuu wa sinagogi na mjukuu wa mkuu wa sinagogi, alijenga sinagogi "kwa ajili ya kusoma Torati na kufundisha amri", pamoja na nyumba ya wageni, vyumba na maji kwa wanaotoka mbali. Vizazi vitatu vya familia moja vikihudumu, na kazi ya kwanza inayotajwa ni kusoma. Luka anamwonyesha Yesu katika sinagogi la Nazareti akisimama kusoma, akipewa chuo cha nabii Isaya, akikifunga, akimrudishia mtumishi, kisha akiketi ili afundishe. Karibu mwaka 155 Yustino, akiandika mjini Roma, anaeleza ibada ya Kikristo ya Jumapili: husomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, kisha kiongozi hufundisha, wote husimama kusali, ndipo mkate na divai huletwa. Anayekwenda kanisani Jumapili hii atauona mpangilio huo kwa macho yake.

Katika maneno, lugha yetu ina bahati ambayo wengi hawaijui. Kiebrania, Kiaramu na Kiarabu ni za ukoo mmoja, na kwa kuwa Kiswahili kilipokea sehemu kubwa ya msamiati wake wa dini kupitia Kiarabu, Mkristo wa Mwanza au wa Bukavu anaposali hutumia binamu za maneno ya Isaya: kuhani na koheni, nabii na navi, malaika na malaki, roho na ruaki, baraka na beraka. Jehanamu ni Bonde la Hinomu, lililoko kando ya Yerusalemu hadi leo. Amina na Haleluya karibu hazikubadilika. Masihi ni mashiaki, mpakwa mafuta, na Kristo ni tafsiri yake ya Kigiriki. Krisma, mafuta ya Kipaimara, hutoka katika shina hilohilo la Kigiriki.

Neno linalostahili kukaliwa zaidi ni kafara. Siku kuu ya mfungo ya Wayahudi huitwa Yom Kipuri, na kipuri na kafara ni shina moja. Kwa mujibu wa Mambo ya Walawi 16, kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu siku hiyo tu katika mwaka, akiwa na damu, ili kuwafanyia watu upatanisho. Hekalu lilipoanguka, swali likawa zito kuliko kuta zilizobomoka: dhambi zitaondolewaje sasa? Marabi wanasimulia kwamba Yohanan ben Zakkai alikuwa akitembea na mwanafunzi wake Yoshua, naye Yoshua, alipoyaona magofu, akalia: ole wetu, mahali palipofanyiwa kafara pamekuwa ukiwa. Mwalimu akamjibu kwamba wanayo kafara nyingine iliyo sawa na ile, nayo ni matendo ya fadhili, akamtajia maneno ya nabii Hosea kwamba Mungu apenda fadhili kuliko sadaka. Maneno hayohayo ya Hosea yanawekwa na Mathayo kinywani mwa Yesu mara mbili. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania alijibu kwa njia nyingine: kuhani mkuu ni Kristo, na ameingia mara moja tu. Swali ni moja na aya za kutafutia jibu ni za kitabu kimoja. Majibu ndiyo yaliyowatenga ndugu hawa.

Ufufuo wa wafu nao haukuanza Jumapili ya Pasaka. Umetajwa katika Danieli 12, wamekufa kwa ajili yake wale ndugu saba wa kitabu cha pili cha Wamakabayo, na Mafarisayo waliufundisha huku Masadukayo wakiukataa. Martha anapomwambia Yesu kwamba anajua kaka yake atafufuka siku ya mwisho, anasema imani ya Kiyahudi aliyolelewa nayo. Jambo jipya lilikuwa dai kwamba mmoja amekwisha kufufuka kabla ya wote, na kwamba huyo ni Bwana wa kuabudiwa. Hapo Wayahudi walio wengi hawakuweza kufuata, na sioni sababu ya kuwadhania uovu kwa hilo.

Kutengana kwenyewe kulichukua karne kadhaa. Wakristo wa Asia Ndogo waliadhimisha Pasaka tarehe 14 ya Nisani, siku yoyote itakayoangukia, na askofu Polikarpo wa Smirna alipokwenda Roma karibu mwaka 155 hakukubaliana na Papa Aniseto, ila waliachana kwa amani. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulitaka wote waadhimishe Jumapili moja bila kutegemea hesabu ya Wayahudi. Bado mwezi mpevu wa majira yale ndio unaoihamisha Pasaka yetu kila mwaka. Katika karne hiyo ya 4 sinodi ya Laodikia iliwakataza Wakristo kupumzika siku ya Sabato na kupokea mikate isiyotiwa chachu kutoka kwa Wayahudi, na ni dhahiri kwamba walikuwapo waliofanya hivyo. Waethiopia walishika njia yao: wavulana hutahiriwa siku ya nane, na mwaka 1450, chini ya mfalme Zara Yakobo, kanisa lao lilithibitisha kuadhimisha Jumamosi pamoja na Jumapili. Kama hayo ni urithi usiokatika au ni matunda ya kulisoma Agano la Kale kwa bidii, wataalamu bado wanabishana. Kwa Waadventista Wasabato jibu liko wazi zaidi, kwani kanisa lao liliundwa Marekani mwaka 1863, na Sabato waliirudia kwa kusoma Maandiko.

Makanisa yaliposahau undugu huu, waliolipa ni Wayahudi, kwa damu. Paulo alikwisha kuwaonya Wakristo wa Roma wasijisifu juu ya matawi ya asili: "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Ilichukua hadi mwaka 1959 kwa Papa Yohane XXIII kuliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno lililowataja Wayahudi kuwa wasio waaminifu, na hadi 1965 kwa Mtaguso wa Vatikano kukana kwamba Wayahudi wote wa wakati ule, au wa leo, wanaweza kubebeshwa lawama ya mateso ya Kristo.

Kuna mahali ambapo ndugu hao wawili wameonekana wakiishi mtaa mmoja. Mji wa Dura-Europos, kando ya mto Frati katika Syria ya leo, ulikuwa na sinagogi lililokarabatiwa mwaka 244 na 245, na si mbali nalo, kando ya ukuta uleule wa magharibi, nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa kanisa, yenye chumba cha kubatizia. Wasasani wa Uajemi walipouzingira mji karibu mwaka 256, watetezi walijaza udongo katika majengo yote mawili ili kuuimarisha ukuta, na udongo huo ukazihifadhi picha za kutani hadi wachimbaji walipozifikia mwanzoni mwa miaka ya 1930. Katika sinagogi Ezekieli anaitazama mifupa mikavu ikifufuka, na Samweli anampaka Daudi mafuta. Katika kanisa wanawake wanatembea wakiwa na mienge, Mchungaji Mwema amembeba kondoo juu ya birika la ubatizo, na Daudi huyohuyo, akiwa kijana, amesimama juu ya Goliathi. Picha za sinagogi ziko sasa katika jumba la makumbusho la Damascus, na zile za kanisa zilipelekwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Yale.